Uyoga Ndani ya Kabati la Magodoro

Mwanangu Noboru akija kutoka Sendai hapigi hodi. Anausukuma mlango pembeni, anaingiza pua kwanza. Ananusa kama gesi inavuja, kama sufuria imeungua, kama mama yake ameanza kuchacha. Jumapili ile, mwisho wa Oktoba, alinusa akakuta harufu ya soya iliyoshika kidogo chini ya sufuria, maana ndivyo ninavyoipenda mimi, akavua viatu asiseme neno. Nikajisemea moyoni: bao moja, Sadae.

Nyuma yake akaingia mkewe, Yoriko, na boksi la keki za dukani. Yoriko ni mwanamke mpole, anaomba radhi hata akigongana na nguzo. Miaka ishirini na minne yumo katika familia yetu na bado akikaa kwangu anakaa kama mgeni wa msibani. Nikawaambia waingize miguu chini ya blanketi haraka, joto lisitoke. Asubuhi ile ndipo nilipoitoa stoo ile meza fupi ya joto, nikaivisha blanketi lake la maua, nikakiwasha kijoto cha umeme cha chini yake. Nje, kaki, matunda yetu ya vuli, nilizozimenya wiki ile zilining'inia ukumbini kwenye kamba, safu tisa, zikingoja upepo uziondolee ukakasi. Mlima ulikuwa umeshavaa kofia nyeupe.

Niseme mapema kwa nini nilikuwa nahesabu mabao.

Majira ya baridi yaliyopita nilimpigia Noboru simu nikamwambia dubu ameingia bafuni kwangu anaoga. Nilikuwa natania. Kwetu huku dubu wapo, ila hawana desturi ya kuoga. Mwanangu akaendesha gari kwa saa mbili na nusu kwenye theluji, akaingia na koleo mkononi, akanikuta nakunywa chai.

"Dubu yuko wapi?"

"Amemaliza, kaondoka. Kasema maji yalikuwa ya moto mno."

Hakucheka. Baba yake, Mungu amweke pema, angecheka mpaka aangushe koleo. Noboru alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, na theluji mabegani, akasema: "Mama, nakupa nafasi moja. Ukifanya kosa moja la hatari, moja tu, unashuka nasi Sendai kabla theluji haijaifunga barabara."

Sendai kwao ni ghorofa ya saba. Nilishakaa huko siku nne. Hakuna ukumbi wa kuanika kitu, majirani wanapita kama samaki, na siku ya tatu nilijikuta naisalimia lifti. Sitaki. Nyumba hii niliingia nikiwa na miaka ishirini na mbili, nataka nitoke nimebebwa.

Kwa hiyo siku ile nilipanga kumwonyesha mwanangu kwamba mama yake ni mzima kichwani. Mtu huonyesha akili kwa maneno, mimi nilimwonyesha kwa visahani. Chakula chenyewe kilikuwa bado jikoni, magimbi na nyama vikitokota taratibu, kwanza vionjo. Kokwa za mti wa ginko nilizozikaanga kwa chumvi mpaka zikapasuka zikawa kijani kama shanga. Maua ya zambarau ya bustanini, petali zake nimezichemsha kidogo nikazitia siki. Kabichi ya chumvi. Na katikati, kwenye kile kisahani cha bluu chenye ufa, uyoga wa kumenya uliochanganywa na figili iliyokunwa, na juu yake vipande vya biringanya za mwisho za shamba langu.

Wazee wetu walisema biringanya za vuli usimpe mke wa mwanao, ni tamu mno kwake. Mimi nilimpa Yoriko, tena nyingi. Nilitaka isemwe kwamba simnyimi.

Na Yoriko alikula! Sijawahi kumwona anakula vile. Uyoga ule ni mlaini, unateleza kooni wenyewe, figili inaupoza. Akala kisahani cha kwanza, akaomba radhi, akala cha pili, akaomba radhi, cha tatu akasahau kuomba radhi. Noboru yeye alikula vijiko viwili, akashughulika na pombe ya mchele niliyompashia.

"Kula, mwanangu," nikamwambia Yoriko. "Ukianza kuona nyota mbili mbili uniambie."

Akacheka. Mzaha mzaha, wahenga walishasema, hutumbuka usaha.

Ndipo nikasikia: "Sadae wee! Upo?"

"Nimeshakufa, pitia mlango wa nyuma!"

Aliyeingia ni Kinuyo, jirani yangu, themanini na moja, miezi miwili juu yangu. Tumegombana tangu darasa la pili, ndiyo maana tunapendana mpaka leo. Alikuja na viazi vitamu vya kuchoma, amevifunga kwenye gazeti, na viwili alishavila njiani. Akaingiza miguu yake ya baridi chini ya blanketi bila kukaribishwa, akaiegemeza kwenye yangu makusudi. Kabla sijamtukana, alishanyoosha vijiti na kubwakia kipande cha mwisho cha uyoga.

"Mmh! Wa kumenya huu? Umeupata wapi, na mwaka huu haujatoka?"

"Umetoka kwa wenye macho."

"Macho gani? Hilo moja?"

Kweli, jicho la kulia nilisafishwa mtoto wa jicho majira ya kuchipua, la kushoto bado linangoja zamu. "Kwenye gogo la mti wa buna, nyuma ya tangi la maji," nikasema.

Kinuyo akaviweka vijiti chini. Kinuyo haweki vijiti chini hata msibani.

"Gogo lile? Sadae, si ndilo lililowalaza wanaume saba wa ushirika wa misitu, marehemu mume wangu akiwa wa kwanza? Walitapika siku mbili, mpaka wakasahau majina ya wake zao. Ule ulikuwa uyoga wa mbalamwezi!"

Kikasikika kijoto tu chini ya meza.

Uyoga wa kumenya na uyoga wa mbalamwezi ni kama ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja mchungaji na mwingine jambazi. Huota kwenye mti uleule, rangi ileile, mara nyingine bega kwa bega. Lakini wa kumenya ngozi yake inavuka kama soksi, ndiyo jina lake. Wa mbalamwezi haivuki.

"Uliumenya?" Kinuyo akauliza.

"Nilimenya."

"Wote?"

Hapo sasa. Nilikaa sebuleni jana yake na kapu mapajani, redioni watu wakishindana kuimba. Nakumbuka uyoga wa kwanza, ngozi ilivuka vizuri. Nakumbuka wa pili. Halafu akaja mzee mmoja wa Niigata akaimba vibaya kuliko mbwa aliyefungwa, nikacheka, halafu nakumbuka nanawa mikono. Katikati hapo hamna kitu. Maganda? Niliyatupa kwenye mfereji wa mbele, yalishakwenda na maji. Nikafungua mdomo nitoe mzaha, kama kawaida yangu. Mzaha haukuja.

"Sikumbuki," nikasema.

Noboru alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Yoriko alikitazama kisahani chake cheupe, kisafi, halafu akainua macho darini.

"Unaona nyota?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Naona taa tu, Mama. Samahani."

"Na biringanya umemwekea!" Kinuyo akapiga goti. "Za vuli! Kijiji kitasema umemmaliza makusudi!"

"Niliweka zikate sumu kama ipo, marehemu mama alisema biringanya..."

"Mama yako alikufa anaamini mengi. Watu wa afya wamebandika karatasi pale kituoni tangu hatujaota mvi: biringanya haikati chochote. Unajua kusoma, au darasani ulikuwa unanichora mimi tu?"

Noboru alishasimama, funguo za gari mkononi. Akafika mlangoni akasimama. Akageuka akaitazama chupa. Kwetu mtu akilowesha ulimi kwa pombe hagusi usukani, na yeye alikunywa vikombe viwili nilivyompashia mimi mwenyewe. Yoriko kimoja. Mimi sijawahi kuendesha kitu zaidi ya toroli. Kinuyo alirudisha leseni yake baada ya kuliingiza gari kwenye ghala lake mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Akapiga simu hospitali ya mjini. Nesi wa zamu akauliza: kuna anayetapika? Hakuna. Tumbo linasokota? Hapana. Basi mleteni kwa teksi, na uyoga mbichi uliobaki mje nao. Akianza kutapika tu, msingoje, pigeni namba ya gari la wagonjwa. Akapiga ya teksi. Dakika arobaini, wakasema, dereva yupo ng'ambo ya daraja.

Dakika arobaini ni nyingi sana ukiwa umekaa unamtazama mtu tumboni.

Uyoga mbichi ulibaki mitano kapuni, ya gogo lilelile. Noboru akakata mmoja kwenye shina, maana wa mbalamwezi huwa na doa jeusi ndani. Tukainamisha vichwa vinne.

"Doa hilo," Kinuyo akasema.

"Tope hilo," nikasema.

"Kama kahawia hivi," akasema Yoriko. "Samahani."

"Mmenye basi," nikamwambia Noboru. Kisu chake kikachana uyoga wote vipande, ngozi na nyama pamoja. Ananikumbusha baba yake alivyokuwa akimenya kaki.

"Kuna njia nyingine," Kinuyo akasema. "Wa mbalamwezi huwaka gizani. Usiku ule wa akina mume wangu, mabaki yalikuwa jikoni yanang'aa kijani kama macho ya paka."

"Saa nane mchana hii, Bibi Kinuyo," Noboru akasema. "Giza tutalitoa wapi?"

Kinuyo akaelekeza kidevu kwenye kabati la magodoro.

Nyinyi mnaonisoma mnaweza kucheka. Tuliyatoa magodoro yote, matatu na ya wageni, tukayarundika chumbani. Tukaingia sehemu ya chini: kwanza Noboru amejikunja, halafu Yoriko, halafu mimi, halafu Kinuyo ambaye tulimwambia abaki nje akasema na yeye kala, ana haki ya kujua kifo chake. Kisahani chenye uyoga minne tukakiweka katikati ya magoti yetu. Tukavuta mlango, tukaziba upenyo wa chini kwa blanketi la meza. Giza likawa giza.

"Macho yanataka muda," Kinuyo akasema. "Tuhesabu mia sita."

"Hesabu kimoyomoyo, unanipulizia sikio."

"Sikupulizii, napumua. Na wewe ondoa kiwiko."

"Hicho si kiwiko changu."

"Ni changu, samahani," akasema Yoriko.

Tukahesabu. Kukawa na joto, harufu ya dawa ya nondo na ya watu wazima wanne. Nilipofika sitini na kitu ikaongezeka harufu nyingine.

"Nani huyo?"

"Viazi vitamu," Kinuyo akasema, wala hakuona aibu. "Mwili hauna subira."

Nikasikia Yoriko anatetemeka pembeni yangu, nikadhani sumu imeanza. Nikamshika mkono. Kumbe anazuia kicheko. Lakini mkono wenyewe ulikuwa wa baridi, ukaushika wangu ukaung'ang'ania. Miaka ishirini na minne, sikuwahi kuushika mkono wa mke wa mwanangu hata siku ya harusi yao.

Hapo nikaona hii si mzaha kama ule wa dubu. Nikasema gizani: "Noboru."

"Ndiyo, Mama."

"Ikiwaka, nashuka Sendai. Kesho. Sitaongea neno. Simtanii mtu."

Akasema, kwa sauti ile ya utoto wake alipokuwa akiniambia amekojoa kitandani: "Mama, mimi siku ile ya dubu niliamini. Njia nzima niliamini. Nilikuwa nafikiri nitakuta nini."

Nikaangalia mahali kisahani kilipo. Giza. Mia mbili, mia tatu. Macho yangu, zima na bovu, yakaanza kujitungia mambo yao, cheche na vidoa, nikayafumba nikayafumbua. Giza. Mia nne. Giza zuri sana, jeusi kama sufuria. Nikaanza kupumua.

Noboru akainua mkono kujifuta jasho.

Ikawaka! Kijani! Duara dogo, linaelea, kali kama jicho la jini.

"INAWAKA!" Kinuyo akapiga ukelele, akaruka, kichwa kikagonga ubao wa juu, ubao ukamwaga mito na sanduku la picha za harusi. Yoriko akaita "Mama!", mimi nikaita mama yangu, kisahani kikaenda sijui wapi. Nikaiona lifti ile, nikaiona inanifungukia.

"Ngojeni," Noboru akasema. "Ngojeni, ngojeni. Inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

"Ninavyokwenda mimi." Kile kijani kikapanda juu, kikashuka. "Ni saa yangu."

"Saa?"

"Saa ya mkono. Mishale yake huwaka gizani. Mkono wa shati ulikuwa umeifunika."

Kinuyo akamtukana tusi la zamani sana, nilikuwa sijalisikia tangu vita vya shule. Noboru akaificha saa mfukoni, tukapapasa sakafuni, tukaupata uyoga wote minne kwa mikono, mmoja ulikuwa chini yangu. Tukauweka pamoja tukakodoa macho tena, tukahesabu mia sita zote kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Hakuna kilichowaka. Hata chembe.

Tulipousukuma mlango, mwanga wa mchana ulituingia machoni kama sabuni. Na mbele yetu, katikati ya magodoro, alisimama mtu wa kofia na glavu nyeupe: dereva wa teksi, Bwana Kajiya. Alishaita hodi mara tano. Alituangalia tunavyotoka kwa magoti, mmoja mmoja, na utando wa buibui kwenye nywele.

"Mgonjwa ni yupi?" akauliza, kwa adabu.

"Bado tunachagua," nikasema. Mzaha wangu ulikuwa umerudi.

Kajiya amezaliwa bonde la juu, babu yake alikuwa mwindaji. Alivua glavu, akachukua uyoga, akaunusa, akashika ukingo wa kofia ya uyoga wenyewe kwa kucha akavuta. Ngozi ikavuka nzima, nyembamba, inapitisha mwanga. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu, wa nne. Akazipanga ngozi nne pembeni mwa meza kama nguo zilizofuliwa.

"Wa kumenya huu. Wote. Na wa kwanza wa mwaka, naona. Gogo gani?"

"Hatusemi," tukajibu kwa pamoja, mimi na Kinuyo.

Lakini Noboru ni Noboru. Hakutaka kuamini kucha za dereva peke yake. Wakaenda mjini yeye na Yoriko, na uyoga na ngozi zake kwenye mfuko. Daktari akasema saa zimeshapita tatu na huyu mama ana rangi nzuri kuliko mimi, nendeni nyumbani, na siku nyingine muwaonyeshe watu wa afya kabla ya kula, si baada. Haya, na nyinyi mkiwa na gogo lenu, sikieni hilo la daktari. Kabati langu halitoshi wote.

Waliporudi jioni, nilikuwa nimeivisha meza blanketi lake. Yoriko aliingia akakaa. Hakuomba radhi. Alinyoosha miguu mpaka ikagusa yangu, akaiacha palepale.

"Mama," akasema, "mle kabatini nilidhani nakufa. Unajua nilikuwa nawaza nini? Kwamba kokwa za ginko sijazionja."

Nikamsogezea bakuli zima.

Noboru akamimina pombe, ya kwake, yangu, ya Kinuyo ambaye hakwenda kwao, akidai kichwa kinamuuma na tiba yake ni supu ya magimbi. Nikangoja. Nilikuwa nimeahidi ikiwaka, haikuwaka. Lakini "sikumbuki" niliisema mimi, mbele ya watu, na hiyo haikufutika kwa kucha za Kajiya.

"Mama, hukukumbuka," akaanza.

"Sikukumbuka."

"Basi uyoga huchumi peke yako tena, wala humenyi peke yako. Utakuwa na Bibi Kinuyo."

"Mimi nina macho mawili mabovu," Kinuyo akasema, mdomo umejaa, "yeye ana moja zima. Tukijumlishwa tunatoa mtu."

"Na mimi nitakuja kila mwezi, theluji au si theluji."

"Na Sendai?"

Akazungusha kikombe. Halafu uso ukaanza kumharibika, kwanza pembe ya mdomo, halafu mashavu. "Maji yalikuwa ya moto mno," akasema. "Dubu. Alisema maji yalikuwa ya moto mno." Akacheka. Kicheko cha baba yake kilekile, cha kuangusha koleo, kimechelewa miezi kumi tu. Yoriko akacheka kwa kumwona, Kinuyo akacheka bila kujua dubu gani. Mimi nilikwenda jikoni kutazama sufuria isiyohitaji kutazamwa, nikajifuta uso kwa aproni. Mvuke wa magimbi ni mkali.

Asubuhi waliondoka mapema, na kaki mbichi kwenye boksi la keki. Nilipokuwa narudisha magodoro kabatini nikaikuta saa ya Noboru nyuma ya sanduku la picha. Ilimtoka mfukoni jana yake, tulipokuwa tunapapasa sakafuni. Nikaiacha palepale.

Siku hizi mchana, kaki zikishageuzwa na chai ikiwa bado kuiva, naingia mle ndani kidogo, navuta mlango. Inawaka vizuri. Amepiga simu mara mbili kuiulizia. Namwambia sijaiona, mwanangu, si unajua jicho langu. Labda uje uitafute mwenyewe.